Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Kompyuta cha chuo chetu

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Ajira ya mtu wa programu

Hongera kwa nodi mpya za klasta. Utepe umekatwa, hotuba zimesomwa, ila hakuna aliyetaja nani ataziwekea programu. Barua zetu za ndani juu ya hilo hazikujibiwa, ndiyo maana naandika hadharani.

Sisi wa picha za MRI za ubongo tunatumia programu ya FreeSurfer, iliyotengenezwa Boston. Kuipakua ni bure. Kazi ni kuisakinisha. Inataka faili la leseni, inataka maktaba za michoro, na baadhi ya vipengele vyake havikubali ila mazingira ya MATLAB ya toleo vililotengenezewa. Kikikosekana kimoja, uchambuzi unaanza vizuri, unasaga kwa saa kadhaa, halafu unakatika usiku wa manane na kuacha mstari mmoja usioeleweka. Mwanafunzi hana ruhusa ya msimamizi wa mfumo, basi anajisakinishia kwenye folda yake toleo lolote alilolipata. Mwenzake ana jingine. Wote wanapima unene wa gamba la ubongo, na namba zao zinaingia jedwali moja.

Si jambo dogo hilo. Mwaka 2012 Gronenschild na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS ONE matokeo ya kuchambua picha zilezile kwa matoleo tofauti ya FreeSurfer. Kati ya toleo la 5.0.0 na yaliyolitangulia, vipimo vya ujazo vilipishana kwa wastani wa asilimia 8.8, na unene wa gamba asilimia 2.8. Hata kuhama kutoka mfumo endeshi wa OSX 10.5 kwenda 10.6 kulisogeza vipimo, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Ubongo wenyewe haukuguswa! Kuna magonjwa ambayo dalili yake ni gamba kupungua kwa kiasi kama hicho.

Dawa ya tatizo hili ipo: Apptainer, zamani ikiitwa Singularity, hufungasha programu pamoja na karibu kila inachokitegemea ndani ya faili moja liitwalo kontena, na mtumiaji wa kawaida huiendesha bila kumsumbua msimamizi. Lakini lazima awepo wa kuliandaa kontena hilo, kulijaribu kwa picha ambazo majibu yake yanajulikana, na kukataa kufuta toleo la zamani hadi tasnifu zinazolitumia zikamilike. Mfumo endeshi wa CentOS 7 ulipofikia mwisho wa matunzo yake tarehe 30 Juni 2024, kazi ya namna hiyo ndiyo iliyowaokoa waliokuwa nayo.

Naomba bajeti ijayo iwe na nafasi moja ya mhandisi wa programu za utafiti, mwajiriwa kamili, si mwanafunzi wa uzamivu wa kuazimwa. Fedha zisipotosha, punguzeni idadi ya nodi mtakazonunua.

Kabla hajapatikana, agizeni jambo lisilo na gharama: kila jedwali litokalo kwenye klasta liandikwe toleo la programu na la mfumo endeshi uliotumika.

Wako,
Mtafiti wa picha za ubongo