Klaudi inalinda hesabu, lakini ufunguo unabaki kwa mwenyewe

Wafanyabiashara wa Goma wanajua maana ya kupoteza karatasi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika maduka na ofisi pamoja na vitabu vyao vya hesabu. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima uliwaka tena, na siku chache nyuma mamia ya maelfu ya wakaaji walihama. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma kisha Bukavu, depo na ofisi nyingi ziliporwa, na ordinateri zikaenda pamoja na vyote vilivyokuwa ndani.

Ndiyo sababu makampuni, hospitali, shule na mashirika yanazidi kuweka hesabu na majina ya watu wao katika klaudi, yaani kwenye serveri za kampuni kubwa ambazo mtu anazifikia kwa njia ya intaneti. Ni uchaguzi mzuri. Lava haifiki huko, na mporaji wa Bukavu hawezi kubeba mashine iliyo Cape Town. Lakini wengi wanafikiri kwamba wakisha kuweka vitu vyao huko, kazi ya kuvilinda imekuwa ya mwingine. Hapo ndipo hatari inaanzia.

Kwanza, klaudi haiko angani. Ni nyumba yenye mashine, umeme na walinzi. Microsoft ilifungua nyumba za namna hiyo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafwata Cape Town mwaka 2020. Zingine ziko Ulaya na Marekani. Na nyumba inaweza kuungua. Tarehe 10 mwezi wa tatu 2021, moto uliteketeza jengo moja la kampuni OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walianza kazi tena. Waliokuwa na nakala moja tu, wengi wao hawakupata kitu.

Pili, kampuni ya klaudi inalinda jengo, mashine na mitambo yake. Haichagui neno la siri la mteja, wala haijui ni mfanyakazi gani aliyefukuzwa wiki iliyopita. Hayo yanabaki kwa mwenye mali. Mwaka 2014 kampuni moja iliyoitwa Code Spaces ilikufa kwa sababu hiyo. Mwizi aliingia katika konti yake ya klaudi, akaomba makuta, na alipoona wanataka kumfungia mlango, akafuta kazi za wateja pamoja na nakala zake, kwa kuwa zote zilikuwa chini ya ufunguo mmoja. Mwaka 2024, wateja wapatao 165 wa kampuni Snowflake walijikuta katika hatari kwa sababu maneno yao ya siri yaliibiwa, na konti zilizoingiliwa hazikuwa na hatua ya pili ya kuhakikisha anayeingia ni nani.

Mwenye depo ndogo ya Butembo au Uvira atasema hana kitu cha kuibiwa. Lakini ana orodha ya wenye madeni, fakitire za wasambazaji, namba za telefoni na mara nyingi picha za karte ya mpiga kura za wateja. Mwizi akipata imeli yake, anaweza kumwandikia msambazaji kwa jina lake na kuomba malipo yatumwe kwenye namba ingine. Pesa ikisha kuenda, ni vigumu sana kuirudisha.

Na huku mashariki mwa Kongo, habari za watu si mambo ya makuta tu. Orodha ya waliohama vita, ya wanawake wanaotunzwa baada ya kubakwa, ya walioleta ushuhuda juu ya mauaji: orodha kama hizo zikianguka katika mikono mibaya, mtu anaweza kufa. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi waliingia katika serveri zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, misiba au uhamiaji. Waliingia kupitia programu iliyokuwa na kasoro ambayo dawa yake ilikuwa haijawekwa. Ikiwa jambo hilo lilipata shirika kubwa hivyo, shirika dogo la mtaani lisilo na fundi lifanye nini?

Jibu halidai mali nyingi. Kila mfanyakazi awe na konti yake, na ifungwe siku ile anapoacha kazi. Neno la siri lisitumwe katika kundi la WhatsApp. Hatua ya pili ya uhakiki iwekwe, lakini isitegemee SMS peke yake, maana telefoni ikinyang'anywa barabarani, kode zinaenda pamoja na SIM. Zile kode za dharura ziandikwe kwenye karatasi na kufichwa mahali pengine. Programu zipewe marekebisho zinapoyaomba. Nakala moja iwekwe kwenye diski iliyofungwa kwa neno la siri, nje ya ofisi, kwa sababu intaneti nayo inakatika. Tena, habari isiyo ya lazima isichukuliwe kabisa: kitu ambacho hakipo hakiibiwi.

Serikali nayo ina deni. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Raisi alitia sahihi sheria-amri namba 23/010 juu ya mambo ya numeriki. Inalinda habari za kibinafsi, inaadhibu anayeingia katika mashine ya mwingine bila ruhusa, na inataka iwepo mamlaka ya kulinda habari hizo pamoja na shirika la taifa la usalama wa mitandao. Ni hatua kubwa. Lakini sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa haimsaidii mwenye butiki wa Beni anayeibiwa usiku, ikiwa hajui abishe mlango gani. Ifafanuliwe kwa Kiswahili na Kilingala, redioni na sokoni. Na yale makampuni ya mawasiliano yanayochukua picha za karte za watu yaulizwe wazi yanaziweka wapi na kwa muda gani.

Mteja aliyetoa jina lake, na mama aliyetoa ushuhuda wake, hawakuamini serveri ya Ulaya. Waliamini mtu aliyekaa mbele yao na kuandika. Huyo ndiye wa kwanza kudaiwa.