Jangili si mmoja, na risasi si mwisho wa kesi



Ipo hadithi moja inayopendwa sana katika makundi yetu, iwe katika riwaya za upelelezi au katika filamu zinazopitishwa kutoka simu hadi simu. Mlinzi wa hifadhi, mtu mwadilifu na mpweke, anakuta mzoga wa tembo uliong'olewa pembe. Anafuata nyayo. Wakubwa wake wanamkatisha tamaa, rafiki yake anauawa, naye haachi. Mwishoni anakutana na jangili uso kwa uso. Risasi inalia, jangili anaanguka, jua linachomoza juu ya mbuga. Mtazamaji anashusha pumzi na kwenda kulala.

Hadithi hiyo ina sifa yake. Inatufundisha kuheshimu kazi ambayo katika Hifadhi ya Virunga pekee imekwisha kugharimu maisha ya walinzi zaidi ya 200. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa kwa siku moja, pamoja na dereva wa hifadhi na raia wanne. Lakini heshima kwa marehemu hao ndiyo inayotudai tuseme wazi: hadithi ya mlinzi na jangili, kama inavyosimuliwa kwa kawaida, ni ya uongo, tena uongo wenye madhara kwetu sisi wana wa Kivu.

Uongo wa kwanza ni kwamba mhalifu ni mmoja. Kumbukeni Julai 2007. Magorila kadhaa wa familia ya Rugendo walikutwa wamepigwa risasi, miongoni mwao Senkwekwe, dume mkubwa aliyeiongoza familia hiyo. Nyama yao haikuguswa, mizoga yao iliachwa palepale. Mwindaji gani huua na kuyaacha mawindo yake? Uchunguzi ulielekea kwenye biashara ya makala: misitu ya hifadhi ilikuwa ikikatwa na kuchomwa ili kulisha majiko ya Goma, na magorila walikuwa kizuizi, kwa maana walipo magorila ndipo ulinzi ulipo. Mwaka uliofuata, afisa wa ngazi ya juu wa hifadhi yenyewe alikamatwa akishukiwa kuhusika. Basi mtunzi wa filamu amvike nani sura ya jangili? Katika biashara ya namna hiyo yupo anayefyatua risasi. Lakini yupo pia anayetoa silaha, yupo anayeinua kizuizi barabarani ili lori lipite, na yupo anayengoja mgawo wake akiwa ameketi ofisini. Hadithi inayomuua yule wa kwanza na kufunga kitabu haijamaliza kesi. Imemnyamazisha shahidi aliyejua majina ya wengine.

Uongo wa pili ni kwamba anayepoteza ni mnyama tu. Tazameni Ziwa Edward. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30,000. Baada ya miaka ya vita walikuwa wamebaki kama 1,000 hivi, kwa sababu watu wenye silaha, wenye sare na wasio na sare, waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Katika filamu, hayo yote yangekuwa picha moja ya mizoga ikielea. Lakini kiboko hula majani nchi kavu usiku, na mchana huacha samadi yake majini. Samadi hiyo hurutubisha viumbe vidogo ambavyo samaki huvila. Uvuvi wa kupita kiasi nao una lawama yake, hilo halikataliwi. Hata hivyo, anayeua kiboko anapunguza chakula katika sahani ya mtoto wa mvuvi wa Vitshumbi, ambaye hakuna kamera itakayomfuata nyumbani.

Uongo wa tatu ni kwamba ushujaa ni shabaha nzuri. Itafuteni filamu iitwayo Virunga, ya mwaka 2014. Hiyo si ya kubuni, nayo inasisimua kuliko nyingi za kubuni. Ndani yake yumo Rodrigue Katembo, mlinzi ambaye akiwa na miaka 14 alilazimishwa kuwa kadogo vitani. Alivaa kamera ya siri akawarekodi watu waliotoa rushwa ili utafutaji wa mafuta upenye ndani ya hifadhi. Mwaka 2013 alikamatwa na kuteswa. Mwaka uliofuata kampuni ya Uingereza iliyokuwa na kibali cha utafutaji huo ilitangaza kwamba itausitisha, na mwaka 2017 Katembo alipewa Tuzo ya Goldman. Silaha iliyomshinda adui yake ilikuwa ushahidi, pamoja na mkono uliokataa kupokea bahasha.

Mtaniambia: "Mwalimu, hiyo ni burudani tu." Burudani haina neno. Lakini kijana aliyezoezwa kuamini kwamba jangili ni mtu wa sura ya kutisha aliyejificha porini hatamtambua jangili atakapomjia na tabasamu na noti za dola, akimwomba abebe mzigo mmoja tu hadi barabarani, wala asiulize kilichomo. Ndivyo mtego ulivyo. Hauwategi wabaya, unawatega wasio na kazi.

Wala tusimtwike lawama mama anayenunua gunia la makala huku watoto wakingoja ugali. Hatumtendei haki tukimwambia aache kabla ya kumpa njia nyingine ya kupikia. Ndiyo sababu kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kilichozinduliwa Rutshuru mwaka 2015 kwa juhudi za hifadhi yenyewe, kinapigana na ujangili kwa namna ambayo waandishi wa hadithi za kusisimua hawaioni. Mashine ya umeme haipendezi katika filamu. Haikimbii, haitoi damu. Lakini kila nyumba inayoweza kupikia umeme inapunguza gunia moja katika faida ya mwenye lori.

Kwa hiyo, mtakapoitazama tena hadithi ya namna hiyo pamoja, msiizime simu mara jangili anapoanguka. Ulizaneni: bunduki yake ilitoka kwa nani? Pembe ilikuwa inakwenda kwa nani, na kwa barabara ipi? Mjane wa mlinzi na mjane wa jangili watakula nini kesho? Kikundi kinachozoea kuuliza hivyo mbele ya kioo cha simu kitathubutu kuuliza hivyo hivyo mbele ya kizuizi cha barabarani, mbele ya chifu, na mbele ya ndugu aliyetajirika ghafla. Na filamu ikiisha bila kujibu maswali hayo, jueni kwamba hadithi yenyewe bado haijasimuliwa.