Ndama wa Maabara na Zizi la Mkulima Mdogo

Majuzi, katika kipindi cha kilimo, mwanafunzi wangu mmoja aliuliza swali lililowafanya wenziwe waangue kicheko: "Mwalimu, ndama aliyeanza maisha yake katika sahani ya maabara ana mama wangapi?" Mimi sikucheka. Nilimjibu kwamba anao wawili, yule aliyetoa yai na yule aliyebeba mimba. Nilipofika nyumbani ndipo nilipotambua kuwa nimemsahau wa tatu, nayo ni sahani yenyewe. Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na msemo huo unakihusu hata kiinitete kisichoonekana kwa macho.

Tuanze na maumbile. Yai la ng'ombe likisha kurutubishwa husafiri katika mrija wa mayai siku nne au tano kabla ya kuingia katika mji wa mimba. Maabarani, mayai hutolewa katika ovari, hukomazwa kwa muda wa saa 24 hivi, hutiwa mbegu za fahali, kisha hukuzwa hadi siku ya saba au ya nane. Hapo kiinitete hupandikizwa katika ng'ombe mwingine au hugandishwa. Kati ya mayai 100, aghalabu 30 hadi 40 tu ndiyo hufika hatua hiyo.

Kwa miaka mingi kazi hii iliwashinda wataalamu. Viinitete vya ng'ombe vilikuwa vikikwama vifikapo seli 8 hadi 16, wakati ule kiinitete kinapoacha kutegemea akiba ya yai na kuanza kutumia jeni zake chenyewe. Ilibidi vihifadhiwe katika mirija ya kondoo au sungura. Mwaka 1962 ilichapishwa taarifa ya viinitete vya kondoo vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini vikiwa ndani ya sungura! Mwaka 1972, Tervit na wenzake wakatangaza kioevu kilichoigiza majimaji ya mrija wa kondoo, huku oksijeni ikipunguzwa hadi asilimia 5 hivi, ilhali hewa tuivutayo ina asilimia 21. Siri haikuwa dawa ya ajabu, bali kuyafuata maumbile kwa unyenyekevu.

Walipopuuza unyenyekevu huo walionja matokeo. Vioevu vilivyotiwa majimaji ya damu vilikuza viinitete haraka, lakini katika miaka ya 1990 ilidhihirika kuwa baadhi ya ndama na wana-kondoo waliotokana navyo walikuwa wakubwa kupita kiasi, wakawatesa mama zao wakati wa kuzaliwa, na wengine wakafa. Wiki moja tu ya malezi mabaya iliacha alama hadi siku ya kuzaliwa.

Leo ufundi huu umekomaa. Tangu 2016, viinitete vya ng'ombe vinavyotengenezwa maabarani duniani vimezidi vile vinavyokusanywa matumboni. Wako wasemao basi kwamba nasi tuukumbatie mara moja, ili kila mkulima apate ng'ombe wa maziwa wa kizungu bila kungoja vizazi vitatu vya kupandisha. Hoja hii ina mvuto, lakini nionavyo mimi ina kasoro moja kubwa.

Mkulima anayempandisha zebu wake kwa mbegu za Friesian hupata ndama chotara, mwenye maziwa mengi kuliko mamaye na ustahimilivu kiasi. Akipandikiza kiinitete cha Friesian katika zebu huyo huyo, atapata Friesian mtupu. Mji wa mimba haubadili damu. Ndama huyo atadai majani mengi, maji mengi na kinga ya kupe, kwani ndigana haitamwonea huruma. Mkulima asiye na hayo atakuwa amenunua hasara kwa bei ghali.

Je, tuukatae ufundi huu? La hasha! Tukumbuke yaliyotendeka papa hapa Kenya. Mwaka 1986 ilichapishwa taarifa ya viinitete vya ng'ombe wa N'Dama vilivyogandishwa Gambia na kupandikizwa nchini mwetu kwa mafanikio. Viinitete hivyo vilikusanywa matumboni, si maabarani, lakini funzo ni lile lile. N'Dama huvumilia ugonjwa wa nagana uletwao na mbung'o, na watafiti walimtaka kwa ustahimilivu wake. Hawakuchagua ng'ombe kwa sababu ya sifa za mbali, bali kwa sababu ya tatizo lililokuwa mbele yao.

Huo ndio mfano wa kuigwa. Maabara zetu zianze na Boran bora na kondoo mwekundu wa Kimaasai, ambaye huhimili minyoo lakini anazidi kumezwa na mbegu za kigeni. Nayo huduma ya kupandisha kwa mrija, iliyodorora vijijini serikali ilipoanza kujiondoa, ifufuliwe kwanza. Asiyeweza kumfikishia mkulima mbegu kwa wakati atamfikishiaje kiinitete?

Nitakaporudi darasani nitamsahihishia mwanafunzi wangu jibu langu. Ndama huyo ana mama watatu, na baada yao lipo zizi. Kabla ya kuuliza kiinitete kinauzwa pesa ngapi, na tuulize zizi litakalompokea ndama lina nini.