Shule za mashambani ziunganishe laini za intaneti

Mwalimu wa mashambani anapopanda kilimani jioni, simu mkononi, haendi kupunga upepo. Anatafuta mawimbi ya mtandao ili awasilishe alama za wanafunzi wake kwa Baraza la Mitihani kabla ya siku ya mwisho. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, kazi nyingi za shule zimehamia kwenye intaneti. Cha kusikitisha ni kwamba intaneti yenyewe haijahamia mashambani kwa mwendo uo huo.

Si kwamba Kenya haina intaneti. Kebo za faiba za baharini zilifika Mombasa mnamo 2009, na nyingine zikafuata. Lakini neema hiyo hupungua kadiri msafiri anavyojitenga na barabara kuu. Huko mbali, shule hutegemea laini moja ya simu ya mkononi, nayo hushindwa mara tu darasa zima linapofungua tarakilishi.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Shule ambayo laini moja haiitoshi yaweza kuunganisha mbili au tatu. Hata hivyo, ni muhimu walimu wakuu na kamati za wazazi waelewe wanachonunua, kwani jina hilo moja hubeba mambo mawili yaliyo tofauti kabisa.

La kwanza ni kugawa mzigo. Ruta yenye nafasi ya laini kadhaa humwelekeza mwanafunzi huyu kwenye laini hii, na yule kwenye laini ile, mithili ya kisima chenye mifereji mitatu badala ya mmoja. Foleni hupungua, ila mtungi wa mtu mmoja haujai upesi zaidi. Ikiwa kila laini ina kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, faili ya megabaiti 60 itachukua sekunde 120, hata laini ziwe tatu.

La pili ndilo kuunganisha hasa. Data hukatwa vipande vidogo vinavyopita katika laini zote kwa wakati mmoja, kisha vikapangwa upya upande wa pili. Faili ile ile sasa huchukua sekunde 40 na ushei. Mbinu hii si ngeni. Kanuni zake za laini za simu za waya zilichapishwa katika miaka ya 1990, na huko Uingereza wakazi wa mashambani wameitumia pale ambapo waya wa shaba ulikuwa mrefu mno kubeba kasi ya kutosha. Lakini haiwezekani bila mtambo mwingine, mahali penye intaneti bora, wa kuvipokea na kuvipanga vipande hivyo. Mtambo huo una gharama yake.

Kwa maoni yetu, shule nyingi zingefaa kuanza na njia ya kwanza, kwani darasa la wanafunzi 40 wanaosoma kurasa mbalimbali linanufaika nayo bila gharama kubwa. Njia ya pili iwekewe somo la moja kwa moja kwa video na faili kubwa.

Aidha, laini tatu za kampuni moja, zinazotegemea mnara mmoja, hugawana uwezo ule ule wa mnara. Mnara ukizimika, zote hukatika. Ni heri shule ichague kampuni tofauti zenye minara tofauti, au ichanganye laini ya simu na ile ya setilaiti. Somo hilo tulilipata kitaifa mnamo Mei 2024, kebo mbili za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota katika Afrika Mashariki. Aliyekuwa na njia nyingine hakukwama kabisa.

Hapa ndipo serikali inapohitajika. Kampuni za mawasiliano huchangia hazina ya huduma kwa wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ili kuwafikia waliosahauliwa. Sehemu ya fedha hizo inunulie shule za mbali ruta za laini kadhaa, na kulipia data yenyewe. Nao mtandao wa elimu KENET, ambao umehudumia vyuo vikuu tangu ulipoanzishwa mnamo 1999, uombwe kuhifadhi mitambo ya kupanga data kwa niaba ya shule. Mtambo mmoja waweza kuhudumia shule nyingi, ilhali shule moja haiwezi kuugharimia peke yake.

Isije ikadhaniwa kwamba tunaiondolea serikali wajibu wa kufikisha faiba. Laini tatu dhaifu zilizounganishwa ni mkongojo, na mkongojo haugeuki kuwa mguu. Kila mwezi shule italipia vifurushi vitatu badala ya kimoja, na wazazi wa mashambani hawawezi kuubeba mzigo huo milele. Lakini mwanafunzi aliye darasani leo hawezi kuambiwa asubiri mtaro uchimbwe. Mtihani wake hautamsubiri, na maswali atakayoulizwa ni yale yale atakayoulizwa mwenzake wa Nairobi.