Tuwaendee Waliopoa

Ndugu na dada zangu mnaoabudu Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Makina na Kianda, kule Kibera. Nanyi wa Kawangware: Gatina, Congo, Kabiro na 46. Nyinyi wa kanisa lenye mnara na nyinyi mliokodi chumba cha mabati nyuma ya kinyozi. Naomba tuzungumze juu ya wale ambao siku hizi hatuwaoni Jumapili.

Mnamjua huyu mtu. Alikuwa anafika kabla ya wote, anapanga viti vya plastiki, anafuta vumbi kwenye kipaza sauti kwa mkono wa shati. Kisha kazi ya mjengo ikaisha. Wakati huo kanisa lilikuwa linachanga pesa za paa, naye alikuwa ameahidi shilingi 2,000. Jumapili moja jina lake likasomwa pamoja na ya wengine ambao hawajakamilisha ahadi. Jumapili iliyofuata likasomwa tena. Ya tatu hakuja. Mwanakwaya mmoja akakutana naye kwenye reli, pale wanapokaanga samaki, akamwuliza, "Ndugu, umepotelea wapi?" Akajibu, "Niko tu, ni hivi vibarua." Tukaridhika na jibu hilo. Hakusema kwamba kodi ya miezi miwili haijalipwa. Hakusema kwamba jioni anabeti kwa simu ya kukopa akitafuta hiyo kodi, wala kwamba akipiga magoti maneno yanamkauka mdomoni, na ameanza kujiuliza kama huyo aliyekuwa akimwimbia yupo kweli. Huku kwetu tumeshasema amepoa kiroho. Kwenye kesha ametajwa kwa jina tuombe arudi kundini, na mtu aliyetajwa hivyo mbele ya watu harudi kirahisi.

Ninachowaomba ni hiki: tusimngoje. Tumwendee. Mshirika asipoonekana Jumapili mbili mfululizo, kabla ya ya tatu wawe watu wawili wamegonga mlango wake. Kila kanisa Kibera na Kawangware lifanye hivyo, kubwa kwa dogo, na lianze mwezi huu.

Mahubiri yetu mengi juu ya kustahimili humtwika mtu mzigo wote peke yake. Asimame imara, afunge, aamke saa tisa usiku aombe. Hayo ni maneno mazuri kwa mwenye nguvu. Lakini yule aliyepooza katika Marko sura ya 2 hakuambiwa ajikaze afike. Watu wanne walimbeba, wakakuta mlango umejaa, wakapanda juu, wakatoboa paa la nyumba ya wenyewe na kumteremsha mbele ya Yesu. Marko anatuambia Yesu aliiona imani yao. Mgonjwa mwenyewe kufikia hapo hajasikika akitamka neno. Hatujui hata kama yeye ndiye aliyeomba kupelekwa. Kuna majira mtu huishi kwa imani ya wenzake, na sioni aibu yake iko wapi.

Eliya naye tunampenda akiwa Karmeli, moto ukishuka. Sura inayofuata huwa tunaipita mbio. Humo amekimbia, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika aliyemjia hakumkemea wala kumwuliza dhambi aliyoificha. Alimletea mkate wa makaa na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha akamlisha tena. Mazungumzo juu ya utumishi wake yalikuja huko mbele, Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Kwa hiyo mnapokwenda kumwona mtu ambaye sufuria zake hazijaguswa tangu juzi, pitieni dukani kwanza mnunue unga.

Tena mitaa hii inachosha roho kwa namna ambayo wahubiri wa televisheni hawaijui. Katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, soko la Toi liliteketea na reli ikang'olewa Kibera. Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa rais, ikawa zamu ya Kawangware. Watu wakauawa, nyumba na maduka yakachomwa. Wako kati yetu waliomwona jirani wa kanisani amesimama ng'ambo ya barabara ameshika jiwe, na Jumapili iliyofuata wakaambiwa wapeane mkono wa amani. Mtu wa namna hiyo akiacha kuja kanisani, msikimbilie kusema ameupenda ulimwengu. Halafu Julai 2018 matingatinga yakaingia Kibera kufungua njia ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ya Lang'ata. Watu wanaokadiriwa kufika 30,000 walipoteza makao, shule zikaangushwa. Nyumba ikibomolewa, mtu hahamii anakohamia mwenzake wa jumuiya; kila mmoja hufuata penye kodi anayoiweza. Hapo ushirika uliojengwa miaka kumi huvunjika kwa asubuhi moja, na hakuna anayeandika waumini wameelekea wapi.

Hatuanzi jambo geni. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulifika Kabete mwaka 1937, hapo juu tu ya Kawangware. Ahonoki, kama walivyoitwa kwa Kikuyu, walikuwa na ukali wao, na wengine tuliolelewa na bibi wa kizazi hicho bado tunakumbuka macho yao yakipima urefu wa sketi. Hata hivyo walikuwa na kitu ambacho sisi tumekipoteza. Walikutana vikundi vidogo, mtu akasema wazi alipoanguka, wenzake wakamsikiliza hadi mwisho, wakaimba Tukutendereza kwa Luganda hata wale wasiojua Luganda. Dharura ilipotangazwa mwaka 1952, wapo kati yao waliokataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa vilevile bunduki ya serikali. Baadhi waliuawa kwa msimamo huo. Sidhani mtu angeweza kuubeba peke yake chumbani.

Wakatoliki nao wanalo lao. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, muungano wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikutana hapa Nairobi wakaamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo ziwe msingi wa kazi ya kanisa katika nchi zao. Pale jumuiya inapofanya kazi vizuri, mtu akiugua Jumatatu wenzake wameshajua kufikia Jumanne. Pale inapozembea, imebaki kukusanya michango ya mazishi na kupanga zamu ya kufagia kanisa. Mnajua wenyewe yenu iko upande gani.

Msiniambie madhehebu yanatuzuia. Juni 1913, kule Thogoto, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine waliketi pamoja kutafuta umoja, wakashiriki hata meza ya Bwana. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikasirika, akawashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi, na ugomvi ukavuka bahari hadi Uingereza. Zaidi ya miaka mia imepita. Leo Mkorino, mtu wa Legio Maria na mshirika wa PCEA wanakaa ploti moja, wanapanga foleni kwenye bomba moja na kusikia ugomvi wa kila nyumba kupitia mabati. Anayejua kwanza kwamba fulani halali usiku ni jirani wa mlango wa pili, ambaye pengine ni wa kanisa lingine. Basi huyo jirani apewe ruhusa ya kutuambia, nasi tuwe tayari kumpokea bila kumpigia hesabu kwamba anatuibia kondoo au sisi tunamwibia wake.

Akina mama wa vyama wametupita mbali katika hili. Mwenzao akikosa mkutano mmoja, jioni wako mlangoni, kwa sababu ameshika pesa yao. Ingetufaa tumthamini mtu walau kama zamu ya chama.

Tusipogonga sisi, mwingine atagonga. Aprili 2023 tulisikia habari za Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu waliofundishwa kufunga hadi wafe ili wakutane na Yesu, na walikuwa wametoka pembe nyingi za nchi. Wengi wetu tulisema ni ujinga. Mimi naona ujinga hauelezi yote. Naona watu waliochoka waliopata mahali pa kusikilizwa wakati kwingine hakuna aliyewauliza hali. Na si lazima ufike Kilifi. Tazameni mabango kwenye nguzo za umeme hapa kwetu: maombi ya siku saba, kuvunja laana ya ukoo, ndoa, viza. Ukifika unaambiwa upande mbegu kwa M-Pesa kabla hujaombewa. Mtu aliyekwama kwenye kodi anakopa ili apande, mbegu isipoota anaambiwa imani yake ni haba. Anatoka hapo akiwa na deni kwa binadamu na, kwa alivyoaminishwa, kwa Mungu pia.

Kwa hiyo wachungaji, wazee na mashemasi, nawaomba kwa heshima: acheni kusoma majina ya wasiolipa ahadi. Tangazeni kwenye mimbari kwamba maombi hayana bei. Na sadaka ikihesabiwa, sehemu yake, hata iwe kidogo, ibaki mtaani kwa ajili ya unga, nauli ya hospitali na kodi ya mwezi mmoja.

Kuhusu ziara zenyewe, nimeona yanayosaidia na yanayoharibu. Nendeni wawili, na ikiwezekana wawili hao wawe wa makabila tofauti, hasa tunapoukaribia uchaguzi wa Agosti 2027. Watoto wa ploti wawaone mkiingia pamoja na mkitoka pamoja. Msiende na daftari. Msiulize habari za sadaka wala kwa nini hakuja. Nyumba ni kumi kwa kumi, kitanda ndicho kiti, watoto wanasikia kila neno. Mkiona mambo ni mazito, mwombeni mtoke naye nje mtembee kidogo. Akisema haamini tena, msimjibu kwa mistari. Thomasi alikaa wiki nzima na shaka yake, na baada ya wiki hiyo bado alikuwa ndani pamoja na wenzake, na hakuna tunaposoma kwamba walimtoa nje. Kuomba mwombeni, kwa ufupi, kwa sauti ya kawaida. Mkiombwa mrudi, rudini. Msipoombwa, rudini vilevile baada ya wiki, na mfike na mandazi.

Kuna jambo ambalo halitaki kuchelewa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Sheria imelegea kabla ya mimbari zetu. Mkimkuta mtu anazungumza kana kwamba hataki kuishi, msimwache peke yake usiku huo, na msimpeleke kwenye kesha akakemewe pepo mbele ya umati. Pigeni 1199, namba ya Msalaba Mwekundu isiyo na malipo, au mpelekeni hospitali ya Mbagathi, mkae naye foleni mkiendelea kumwombea kimoyomoyo. Dawa na maombi havijawahi kugombana. Tunaovigombanisha ni sisi.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya mchungaji. Mchungaji wa kanisa la mabati mara nyingi naye ana kibarua mchana, ana watoto, na pengine yeye mwenyewe amepoa miezi sita sasa huku akiendelea kuhubiri kwa sababu hana wa kumwambia. Kwake pia wawili wagonge.

Jumapili hii, matangazo yakiisha, kila kundi la akina mama, la vijana na la wazee libaki dakika kumi. Ulizaneni nani hajaonekana, nani anajua anakokaa siku hizi, nani atakwenda. Andikeni majina ya watakaokwenda. Ya wanaoendewa yabaki vichwani. Wa Kibera mtu wenu akiwa amehamia Kawangware, tupeni habari tumtafute upande huu. Wa kwetu waliohamia Soweto au Silanga nasi tutawaambia. Hapa Gatina tunaanza Jumamosi saa nne asubuhi, watu wa makanisa manne. Anayetaka kufuatana nasi aje na gambuti, maana mvua ikinyesha njia ya kuteremkia mtoni haipitiki kwa viatu vya kanisani.