Enaiposha na Watoto wa Kiritiri

Sisi watu wa pwani, tukilitaja jina la Kiritiri, aghlabu ni kwa sababu ya muguka. Mwaka 2024 kaunti zetu zilipoupiga marufuku na mambo yakafika mahakamani, Mbeere nzima ilisemwa vibaya katika mabaraza ya kahawa, na mimi nilikuwa miongoni mwa wasemaji. Basi wasomaji watanisamehe nikiwaambia kuwa nimerudi kutoka huko na habari nyingine kabisa.

Mpwa wangu, binti wa Mombasa, anasomesha shule ya msingi huko. Aliniambia, "Mjomba, njoo uone somo langu la sayari." Nikaenda. Ni nchi kavu ile, yenye jua kali, na usiku nyota hujaa hata mshairi akaona haya kwa yote aliyowahi kuyaandika juu yake.

Asubuhi alianika juani makopo mawili ya maji, moja amelipaka masizi ya sufuria, la pili chokaa. Saa sita watoto wakatia vidole. Maji ya kopo la masizi yalikuwa moto, ya chokaa yalikuwa vuguvugu tu. Kisha akawauliza: bati jipya na bati lenye kutu, lipi huumiza macho? Darasa zima likajibu kwa sauti moja. Ndipo alipowatajia Enaiposha.

Sayari hii iligunduliwa mwaka 2009, ikaitwa kwa herufi na nambari, GJ 1214 b. Iko mbali nasi mwendo wa nuru wa miaka 48, upana wake unakaribia mara tatu ya dunia yetu, na mwaka wake mzima ni kama saa 38 tu. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kuwa wameipima joto kwa darubini ya James Webb: upande wa mchana kiasi cha nyuzi 280, upande wa usiku kiasi cha 165. Kwa ukaribu wake na jua lake, ilipasa iwe na moto zaidi. Hesabu ikawaonyesha kwamba karibu nusu ya nuru inayoifikia hairuhusiwi kuingia; utusitusi wa angani mwake huirudisha, kama chokaa ya lile kopo. Mwezi wetu tunaousifu hurudisha kama sehemu 12 tu katika mia! Iko nyingine, Cuancoá, inayorudisha kama 80.

Mtoto mmoja akasimama. "Mwalimu, kama inang'aa hivyo, mbona hatuioni?"

Swali hilo lilinichoma. Chuoni nilihifadhi manazili 28 za mwezi kabla sijajua kugawanya, na siku niliyouliza nuru ya mwezi yatoka wapi nilikula bakora. Nilisoma Suratu Yunus miaka na miaka, ambamo jua limepewa neno lake na mwezi neno jingine, nisijue kuwa wafasiri wameieleza tofauti hiyo. Matokeo yake, mashairi yangu ya ujana yana mwezi unaowaka wenyewe kama karabai.

Mpwa wangu hakumkemea. Alimwambia kuwa kioo hakizidi taa iliyo mbele yake, na nyota ya Enaiposha ni ndogo, nyekundu, dhaifu, haionekani kwa jicho tupu.

Maalim mmoja rafiki yangu, nilipomsimulia, alisema hiyo ni elimu isiyo na faida, mtoto atapotea. Namheshimu, lakini hapa sikubaliani naye. Katika Suratul An'am, Nabii Ibrahim aliitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja alikipima kwa akili. Abdurrahman as-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964. Kundi la nyota ilimo Enaiposha, Waarabu waliliita al-Hawwa, mshika nyoka, na kichwa chake mpaka leo Wazungu hukiita Rasalhague. Kinachompoteza mtoto ni bakora ile, kwa kuwa humfundisha kuwa swali ni utovu wa adabu.

Wala anga si mali ya watu wa mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza kilichoundwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei ya mbinguni, kikaitwa Uhuru, neno letu hili. Watoto niliowauliza Ngomeni hawakuwa wamelisikia.

Sayari hizi zilizo nje ya jua letu napendekeza tuziite sayari za ng'ambo. Mtoto wa pwani anaijua ng'ambo: ndiko majahazi yatokako.

Tulipokuwa tukitoka darasani, yule mwulizaji alitufuata. Alitaka kujua nani aliyeipa jina. Mpwa wangu akamweleza kuwa lilipendekezwa na Wakenya, likakubaliwa na chama cha wanajimu wa dunia mwaka 2023; ni la Kimaasai, lenye maana ya maji mengi, na nyota yake huitwa Orkaria, udongo mwekundu.

"Zimebaki zisizo na majina?"

"Maelfu. Zina nambari tu."

Akashika njia ya kwao akinong'ona peke yake, akijaribu jina moja la Kimbeere baada ya jingine.