Kiwanja Mabwepande, Riziki Kariakoo



Likizo iliyopita, nyumbani Makorora, nilimkuta kwa jirani yetu mgeni kutoka Dar es Salaam, dada yake, ambaye sisi vijana wa mtaa tunamwita Mama Mkubwa. Ni mmoja wa walioathirika na mafuriko ya bonde la Msimbazi ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuzoa nyumba za Jangwani. Serikali iliwapa waathirika mahema, kisha viwanja huko Mabwepande, takriban kilomita 30 kutoka Kariakoo. Nikasema bila kufikiri, "Basi Mama Mkubwa, Mungu alikuona, ukapata kiwanja bure." Akanitazama kidogo. "Frateri mwanangu, kiwanja nilipata. Wateja wangu walibaki Kariakoo."

Alikuwa akiuza samaki wa kukaanga. Kutoka Mabwepande ilimpasa kuamka saa tisa usiku ili awahi samaki Feri, apande daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na jioni akihesabu, faida imebaki kwa kondakta. Akauza kiwanja. Leo amepanga chumba kimoja Kigogo, hatua chache kutoka maji yaleyale yaliyomfukuza.

Waliorudi bondeni walisemwa sana: hawana shukrani, wamezoea shida. Nakiri hata mimi niliwahi kusema hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayekula milo mitatu seminarini bila kulipa kodi ya pango. Lakini mama huyu hakukimbia nyumba. Alikwenda kutafuta chakula cha watoto, na chakula kilikuwa mahali kilipokuwa siku zote.

Darasani tunafundishwa kwamba kwa Wagiriki neno "oikos" halikuwa kuta na paa tu. Lilibeba watu, chakula, mali na kazi za nyumba, na ndilo lililozaa neno lao la uchumi. Kiswahili nacho kina jambo. Wanaisimu watasema "makazi" limetoka katika kukaa, nao wana haki, ila sikio la Mama Mkubwa linasikia "kazi" humo ndani, nami sina nguvu ya kumpinga. Oktoba 2014, akizungumza na vyama vya wanyonge mjini Roma, Papa Fransisko aliyataja mambo matatu kwa pamoja: ardhi, makazi na kazi. Nabii Yeremia naye, katika sura ya 29, anawaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu wajenge nyumba na papo hapo walime bustani wale matunda yake.

Inawezekana. Familia 644 za Magomeni Kota zilisubiri takriban miaka kumi, lakini maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022 yalijengwa palepale zilipotolewa. Genge lilibaki karibu, shule karibu, na nauli haikugeuka kuwa kodi ya pili. Ndiyo maana nalitazama bonde la Msimbazi kwa wasiwasi. Sasa kuna mradi wenye mkopo wa dola milioni 200 za Benki ya Dunia, na wakazi wanalipwa fidia wapishe. Fidia ni haki yao. Lakini fedha mkononi haimtafutii mtu meza sokoni, na chumba cha bei anayoiweza kiko wapi kama si bonde jingine?

Na sisi je? Maafa yakitokea, jumuiya zetu hukusanya unga, mablanketi na nguo, kisha mwezi wa pili tumesahau. Ningependa mwezi huo wa pili tuulize swali moja kabla ya jingine lolote: ulikuwa unapata riziki wapi? Anayehitaji nauli ya miezi mitatu apewe nauli, anayehitaji mtaji wa karai na mafuta apewe hivyo. Maparokia ya mjini yenye viwanja vilivyozungushiwa ukuta bila kutumika nayo yakae na halmashauri zao yajadili, hata kama ni vyumba kumi tu vya kupangisha kwa bei ya mama lishe. Najua wengine watasema frateri ameingilia mambo ya mapadre.

Mama Mkubwa alirudi Dar Jumatatu. Aliniambia akiona wingu zito usiku huwa halali, anakaa mlangoni na mfuko wa vyeti vya watoto mapajani.